Kingavirusi yafuta faili za gemu kila ninapoiweka: ni virusi kweli au inasingizia?

#1 Mwalimu_wa_Njoro
Hamjambo wanajukwaa. Jumamosi nilinunua gemu ya mpira wa miguu katika duka moja la muvi hapa Nakuru mjini kwa shilingi 200, nikawekewa kwenye flashi yangu ya GB 64. Nilimwahidi kijana wangu kwamba wakifunga shule ataikuta kwenye kipakatalishi. Kipakatalishi chenyewe kina Windows 10 na kingavirusi yake ni Defender, ile inayokuja na mashine. Usakinishaji ulipofika asilimia 83, notisi ikajitokeza pembeni ikisema imepata "Trojan:Win32/Wacatac.B!ml", na nilipofungua folda ya gemu nikakuta faili mbili hazipo: ile ya kuanzishia gemu na nyingine inayoishia kwa dll.

Nilimpigia muuzaji. Alicheka, akaniambia nizime kingavirusi, niiandike folda hiyo katika orodha ya zisizokaguliwa, kisha nirudie upya. "Mwalimu, gemu zote hufanya hivyo," alisema. Sasa hiki ndicho kipakatalishi ninachowekea alama za wanafunzi, na mke wangu hukitumia kuweka hesabu za chama chao. Naomba anayejua anieleze: muuzaji huyu anasema kweli, au ananiuzia matatizo?

#2 Kondele_Juu
Anasema kweli. Nimeweka gemu zaidi ya thelathini kwa njia hiyo hapa Kisumu na karibu zote zililalamikiwa. Gemu ya duka la muvi ni gemu iliyovunjwa kufuli. Aliyeivunja ameibadilisha faili ya kuanzishia, na mara nyingi ameondoa ile dll inayowasiliana na Steam, duka la gemu la mtandaoni, akaweka ya bandia ambayo kila ikiulizwa "Mtu huyu amelipa?" hujibu "Amelipa." Kingavirusi ikiona faili iliyochokonolewa, haina sahihi ya kidijitali, na inajipenyeza ndani ya programu nyingine, haina namna ya kujua kwamba nia ilikuwa kuvunja kufuli la gemu tu. Inaona tabia, haioni nia. Izime, weka gemu, iwashe tena. Mimi sijawahi kupata shida.

#3 Fundi_58
Hujawahi kupata shida, au hujawahi kuiona?

#4 Kondele_Juu
Fundi, tofauti ni ipi?

#5 Fundi_58
Tofauti ni hii. Mnamo Juni 2021 kampuni ya Avast ilitoa ripoti kuhusu programu hasidi waliyoiita Crackonosh. Ilikuwa imefichwa ndani ya nakala za wizi za gemu zinazopendwa, zikiwemo NBA 2K19, Grand Theft Auto V, Far Cry 5 na The Sims 4, na kompyuta zaidi ya 222,000 zilikuwa zimeambukizwa. Kazi yake ilikuwa kuchimba sarafu ya kidijitali ya Monero kimyakimya kwa nguvu za kompyuta ya mtu, na waliohusika walikuwa wamejipatia zaidi ya dola milioni 2 za Marekani. Gemu ilicheza vizuri kabisa. Mwenye kompyuta aliona tu feni ikivuma na mashine ikipata joto, akadhani ni vumbi.

Jambo linalonifanya nisiwaamini wanaosema "zima kwanza" ni jinsi Crackonosh ilivyofanya kazi: iliilazimisha kompyuta kuwaka katika hali salama ya Windows, ambamo kingavirusi nyingi haziamki, kisha ikazifuta zikiwa zimelala. Muuzaji anayekutaka uzime kingavirusi ni kama mgeni anayekuja saa nane za usiku na kukuomba umfunge mbwa kwanza ndipo aingie. Huenda ni mgeni mwema. Lakini ombi lenyewe ni lile lile ambalo mwizi angeomba.

#6 Shitao_wa_Kakamega
Kabla hatujafika kwa wezi, tulisome hilo jina. Herufi za mwisho, "!ml", zina maana yake. Microsoft huziweka pale ambapo kilichotoa uamuzi ni mfumo wa kujifunza kwa mashine. Hapo Defender haijasema "ninamjua huyu, tulikutana mwaka jana", ila imesema "huyu anafanana na wale niliofundishwa kuwaogopa." Ni kisio. Kisio zuri mara nyingi, lakini ni kisio, na gemu iliyovunjwa kufuli hufanana na watu wabaya hata ikiwa haina ubaya. Kwa kisa cha mwalimu, jina hili pekee haliwezi kumtia mtu hatiani.

#7 Ajua_Dev
Shukrani #6, kwa sababu hilo ndilo lililonipata mimi, na gemu yangu haikuvunjwa kufuli na mtu yeyote kwa kuwa niliiandika mwenyewe. Ninasoma hapa Maseno. Mwaka jana niliandika gemu ya ajua kwa lugha ya kompyuta ya Python: mashimo kumi na sita, kokoto zinazosogea, hakuna intaneti, hakuna chochote cha siri. Niliifungasha kwa PyInstaller ili iwe faili moja ambayo mtu asiye na Python anaweza kuibofya. Niliwatumia wenzangu wanane. Kompyuta tano ziliifuta kabla haijafunguka, na mmoja wao hadi leo anaamini kwamba nilitaka kuiba neno lake la siri.

Nilichokuja kugundua ni kwamba PyInstaller hutanguliza kipande kidogo cha programu ambacho kazi yake ni kufungua furushi na kuanzisha kilichomo. Waandishi wa virusi nao huipenda PyInstaller, nao hubeba kipande hicho hicho. Kwa hiyo kingavirusi zimejifunza kuchukia gari kwa sababu ya abiria mmoja. Nilipoacha kuikandamiza kwa UPX, programu ya kubana faili, na kuifungasha kama folda badala ya faili moja, malalamiko yalipungua sana bila kubadilisha hata mstari mmoja wa gemu yenyewe.

#8 Kondele_Juu
Kwa hiyo ajua ya nyanya zetu sasa ni Trojan. Omera, ukimaliza chuo usiandike ya kamari ya nyabolo, tutafungwa sote.

#9 Baba_Wawili_Ahero
Nyinyi mnazungumzia gemu tu, wakati kingavirusi hukosea hata kwa Windows yenyewe. Ninakumbuka mwaka 2012 McAfee iliishambulia faili ya Windows 7 na kompyuta za maofisini zikawa zinazimika na kuwaka bila kukoma. Kama inaweza kumshuku mwenye nyumba, itashindwaje kumshuku mgeni?

#10 Shitao_wa_Kakamega
Ndugu #9, kisa ni cha kweli ila umeteleza kwenye mwaka na kwenye Windows. Ilikuwa tarehe 21 Aprili 2010, na mashine zilizoumia ni za Windows XP zenye Service Pack 3. Sasisho la siku hiyo liliidhania svchost.exe, faili ambayo Windows haiwezi kuishi bila yake, kuwa virusi vilivyoitwa W32/Wecorl.a.

#11 Baba_Wawili_Ahero
Nakubali kusahihishwa. Hoja yangu bado imesimama.

#12 Fundi_58
Imesimama kwa mguu mmoja. Kengele ikilia kwa uongo mara moja, hiyo si sababu ya kuing'oa.

Niwape dhana nyingine ambayo hakuna aliyeitaja. Mmekuwa mkiuliza kama aliyevunja gemu ni mwema au ni mbaya. Huenda ni mwema kabisa, na uchafu ukawa umeingia njiani. Kuna virusi vya aina ya Sality, vilivyoanza kuonekana mwaka 2003, ambavyo hujipachika ndani ya faili za exe, yaani za kuanzishia programu, zilizopo tayari na kusafiri kwa flashi. Kompyuta ya duka la muvi hupokea flashi za watu wangapi kwa siku? Moja imetoka saiba ya Kaptembwa, nyingine imetoka bweni la chuo, nyingine imetoka kwa mtu aliyechapisha vitambulisho. Mashine hiyo ikishaambukizwa, kila exe inayotoka hapo imebeba mzigo. Nimesafisha mashine za namna hiyo kwa miaka mingi na ninaweza kuwaambia kwamba mwenye duka huwa hajui, na huwa anakasirika ukimwambia.

Njia ya kujua ni kulinganisha hashi, yaani alama ya kidole ya faili. Mwalimu, fungua dirisha jeusi la amri kwenye folda ya gemu, uandike "certutil -hashfile setup.exe SHA256". Utapewa mfululizo wa herufi na tarakimu 64. Ikibadilika hata biti moja ndani ya faili, mfululizo wote hubadilika. Tafuta mtu mwenye gemu hiyo hiyo, naye afanye vivyo hivyo. Kisha uuweke mfululizo huo, usipakie faili yenyewe, kwenye sehemu ya kutafutia ya tovuti ya VirusTotal. Huko faili hupitishwa kwa kingavirusi zaidi ya 70 kwa pamoja, na kutafuta kwa hashi hakumalizi bando.

#13 Ajua_Dev
Naongezea kwamba kupakia gemu nzima kusingewezekana hata kama bando lingekuwepo, kwa sababu VirusTotal haipokei faili inayozidi MB 650.

#14 Mwalimu_wa_Njoro
Asanteni. Nimefanya kama Fundi alivyoelekeza, na ninakiri kwamba sasa nimechanganyikiwa zaidi. Shemeji yangu anayeishi Free Area alinunua gemu hii hii, duka hili hili, miezi miwili iliyopita, na aliiweka akiwa amezima kingavirusi. Hashi ya setup.exe yake inaanza kwa 7c4, yangu inaanza kwa e19, na hazifanani popote. Ukubwa wa faili zote mbili ni ule ule kabisa, hata baiti moja haijazidi. Yake ilipatikana VirusTotal, na kingavirusi 24 zinailalamikia. Yangu haikupatikana kabisa.

#15 Fundi_58
Hapo sasa. Haikupatikana kwa sababu hakuna nyingine kama hiyo duniani. Sality hujigeuza sura kila inapojipachika, kwa hiyo kila faili iliyoambukizwa huwa na hashi yake peke yake.

#16 Shitao_wa_Kakamega
Fundi, ninakuheshimu, lakini dhana yako ina matundu mawili. La kwanza, kirusi kinachojipachika kwa kawaida huiongezea faili uzito, na mwalimu amesema ukubwa ni ule ule. La pili, Sality ni ya zamani na inajulikana kila mahali. Defender ikikutana nayo huiita kwa jina, haikisii na kuandika "!ml". Mtu anayefahamika kijiji kizima haitwi "jamaa fulani anayeshukiwa".

#17 Fundi_58
Tundu la pili nimelikubali nusu. Defender haikulalamikia setup.exe, ililalamikia faili zilizotoka ndani yake. Hatujui ingeiita nini setup yenyewe kama ingekaguliwa peke yake. Mwalimu, bofya flashi kwa kitufe cha kulia uichague ikaguliwe yote.

#18 Mama_Zawadi_Bungoma
Samahani kwa kuingilia kati. Mimi nilinunua gemu halali kwa pesa yangu, kwa ajili ya binti yangu, na bado Windows ilinisumbua. Kwanza lilikuja dirisha la buluu likisema imeilinda kompyuta yangu, kisha gemu ikawa inacheza lakini haihifadhi mahali alipofikia. Kila akiifungua anaanza ngazi ya kwanza, na kilio nyumbani kila jioni. Je, hiyo nayo ni kengele ya uongo?

#19 Ajua_Dev
Mama, hayo ni mambo mawili, na hakuna hata moja kati yake lililosema "hii ni virusi". Dirisha la buluu ni SmartScreen, ambayo huangalia sifa ya faili: imesainiwa na nani, na imepakuliwa na watu wangapi kabla yako. Gemu changa ya mwandishi mdogo haina sifa, kwa hiyo huzuiwa kama mgeni asiye na barua ya chifu. La pili linafanana na kile kipengele cha kulinda folda dhidi ya programu zinazoteka faili na kudai fidia. Kikiwashwa, programu isiyojulikana haiwezi kuandika chochote ndani ya Documents, na gemu nyingi huhifadhi huko. Huwa hakijawashwa tangu mwanzo, kwa hiyo kuna mtu alikiwasha. Iruhusu gemu hiyo moja kwenye orodha yake, usikizime chote.

#20 Mama_Zawadi_Bungoma
Ni mume wangu aliyekiwasha. Kumbe. Asante sana mwanangu.

#21 Baba_Wawili_Ahero
Na ile gemu ya Genshin Impact iliyokuwa na virusi ndani yake mwaka 2022? Ile nayo ilikuwa halali.

#22 Shitao_wa_Kakamega
Tutaenda taratibu, ndugu #21. Gemu haikuwa na virusi. Ilikuwa na kiendeshi (driver) chake cha kuzuia udanganyifu, kinachoitwa mhyprot2.sys, ambacho hufanya kazi ndani kabisa ya mfumo na kilikuwa na sahihi halali. Mwaka huo kampuni ya Trend Micro ilieleza jinsi wahalifu walivyokichukua kiendeshi hicho peke yake, wakakiingiza katika kompyuta za watu, wakakitumia kuua kingavirusi kabla ya kuziteka faili. Waliodhuriwa hawakuhitaji hata kuwa na gemu hiyo. Kinachonivutia ni kwamba faili hiyo ilikuwa safi kwa kila kipimo, na bado ikafanya kazi chafu. Kwa hiyo hata neno "safi" lina mipaka yake.

#23 Kondele_Juu
Turudi kwa zile 24 za shemeji. Mimi sizihesabu kama mashahidi 24. Mwaka 2010 Kaspersky walifanya jaribio: walichukua faili 10 zisizo na madhara yoyote, wakazitangaza VirusTotal kuwa ni mbaya, na katika muda wa wiki moja na nusu kampuni nyingine, hadi 14, zilikuwa zinazilalamikia faili hizo hizo. Wanaigizana. Ukimwuliza jirani mmoja mara 24, hujapata majirani 24.

#24 Fundi_58
Tangu 2010 mambo yamebadilika.

#25 Kondele_Juu
Yamebadilika vipi? Tupe ushahidi kama nilivyokupa mimi.

#26 Fundi_58
Ushahidi wangu ni mashine nne zilizo mezani kwangu hivi sasa, zote za watu waliozima kingavirusi. Nitakuletea moja Kondele uisafishe.

#27 Saiba_ya_Zamani
Nimesoma uzi huu wote na ninashangaa kwamba mnaitafutia mchawi hashi hii. Ukubwa ni ule ule, yaliyomo ni tofauti: mimi ninaona flashi iliyoharibika, au flashi ya uongo. Zimejaa tele. Imeandikwa GB 64, na ukiichomeka kompyuta inakubali kuwa ni GB 64, lakini ndani kuna 8 tu. Ukishajaza zile 8, kinachofuata huandikwa hewani au juu ya cha zamani, na orodha ya faili bado huonyesha majina na ukubwa sahihi. Faili iliyopikwa namna hiyo haiwezi kuwa na ndugu VirusTotal. Mwalimu, uliinunua flashi hiyo wapi na kwa bei gani?

#28 Mwalimu_wa_Njoro
Ninaona aibu kujibu. Niliinunua barabarani kwa shilingi 350.

#29 Saiba_ya_Zamani
Nimemaliza.

#30 Ajua_Dev
Hujamaliza, mzee wangu. Kama setup ingekuwa imeharibika, isingefika asilimia 83 bila kulia, kwa sababu programu za kufungua mafurushi hukagua zinachokifungua. Watu hukutana na kosa la ISDone.dll kwa sababu hiyo hiyo. Mwalimu hakukutana na kosa, alikutana na notisi ya Defender.

#31 Saiba_ya_Zamani
Itategemea kilichoharibika kiko sehemu gani ya setup. Mwambie apime kwa H2testw. Programu hiyo huijaza flashi yote kwa data, kisha huisoma tena kuona kama kilichoandikwa ndicho kilichopo. Aondoe kwanza kilichomo, na asiikimbize.

#32 Mwalimu_wa_Njoro
Wanajukwaa, narudi na habari. Jana nimerudi dukani na kumwomba kijana aniruhusu nipime hashi kwenye mashine yake mwenyewe, kabla faili haijagusa flashi yoyote. Alinitazama kama mkaguzi wa kodi lakini akakubali. Hashi yake inaanza kwa 7c4, sawasawa na ya shemeji hadi herufi ya mwisho.

Kuhusu lile agizo la #17, niliikagua flashi yote, na Defender haikupata kitu humo.

#33 Kondele_Juu
Basi duka halina hatia, na Sality ya Fundi imefia njiani.

#34 Fundi_58
Haijafa, imehama. Kama faili ilitoka dukani ikiwa 7c4 na nyumbani ni e19, basi imebadilikia kwenye flashi au kwenye kipakatalishi cha mwalimu. Flashi si mtuhumiwa pekee.

#35 Shitao_wa_Kakamega
Na hata ikiwa ni 7c4, bado ni ile inayolalamikiwa na 24. Tumejua ilikobadilikia kwa kukisia tu, hatujajua kama ile ya mwanzo ilikuwa nzuri.

#36 Mwalimu_wa_Njoro
Fundi, kipakatalishi hicho ndicho chenye alama za wanafunzi 212. Nimezihamishia kwenye diski ya shule usiku huu, pamoja na hesabu za chama. Kijana amefika leo saa kumi, na swali lake la kwanza halikuwa salamu.

H2testw imemaliza kuandika na sasa inasoma. Imefika GB 7 na haijalalamika.

#37 Saiba_ya_Zamani
Subiri ipite 8.

#38 Mwalimu_wa_Njoro
Stima imepotea. Betri ina asilimia 31. Bado inasoma.